Bulaya ya Mama Bulaya

Siku tulipomzika Mama Bulaya, mchungaji alisoma jina la marehemu, Marguerite Ngoie, na watu wakaanza kutazamana. Wengine walidhani wamekosea matanga. Mzee mmoja nyuma yangu alimwuliza jirani yake, kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, "Njo nani uyo Marguerite?" Jirani akamjibu, "Ni Mama Bulaya, nyamaza." Hapo mzee akaridhika, akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa mbele, nikashikwa na kicheko, jambo ambalo kwenye mkeka wa mbele halifai, nikajifunika uso kwa kitenge ili mabega yakitikisika watu wadhani ni kilio. Baadaye, wakati wa kula, binti mmoja aliyekuja Kolwezi kutoka Kasai na mume wake, mchimbaji wa kobalti kule Kasulo, alinisogelea na sahani yake. Alitaka kujua huyo mama aliishi Bulaya muda gani. Nikamwambia hakuwahi kufika hata Lubumbashi. "Sasa juu ya nini banamuitaka vile?" Nilianza kumjibu, nikaona jibu linarefuka na chakula chake kinapoa. Nikamwambia nitaliandika. Alicheka kwa adabu, maana wazee wengi husema hivyo, lakini mimi nikisema kitu kinanisumbua mpaka nikifanye.

Mwaka ninaotaka kuusema, zamani za kaseti, nilikuwa msichana ninayejifunza kushona kwa mama mdogo wangu, Mama Josée, katika cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Nyumba ilikuwa ya kampuni ya madini, yenye saloni, yaani sebule ndogo, viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, na kabati la kioo ambamo sahani nzuri zilikaa zikisubiri wageni. Mgodi ulikuwa karibu kiasi kwamba baruti zilipolipuka mchana, sahani zile zilitetemeka na kulia ndani ya kabati, na sisi tulinyamaza kidogo kisha tukaendelea na maneno yetu pale tulipoyaachia. Juu ya kabati ilikaa radiokaseti, nayo ilivishwa kitambaa chake. Kwa ajili ya mashine hiyo, Jumamosi mchana nyumba yetu ilijaa watu wenye ndugu Bulaya. Watu wa pwani husema Ulaya. Sisi wa Katanga tunasema Bulaya, na nitaliandika neno hivyo kwa sababu hivyo ndivyo lilivyoingia masikioni mwangu. Watu hao walikuja kusema ndani ya kaseti. Barua zilikuwepo, lakini barua ilihitaji mtu wa kuandika huku na mtu wa kusoma kule, na posta ya siku zile ilikuwa ya kuombea. Kaseti ilikwenda mkononi mwa msafiri, na mama aliyeikosa sauti ya mwanawe aliipata yote, pamoja na pumzi zake.

Kulikuwa na utaratibu wake. Alianza mkubwa wa familia, akajitaja, akaeleza ameketi wapi na nani yuko kushoto na kulia. Zikafuata salamu, vifo, waliozaliwa, kisha haja: viatu, saa, dawa ya macho. Mwisho katekista alisali, na sala ndiyo iliyofunga kaseti. Kazi ya kubonyeza ilikuwa yangu, kwa hiyo nilisikia yote. Na kitu kimoja sikukisikia kamwe: swali. Mtu aliyeko Bulaya haulizwi analala wapi, anafanya kazi gani, anakula nini. Ukiuliza, una kijicho. Unapima alivyo navyo ili umroge kwa mbali. Au humwamini, na hiyo ni mbaya zaidi. Wa kule nao waliijua sheria. Kaseti zao zilipofika, watu walikusanyika kuzisikiliza pamoja, maana kusikiliza kaseti ya Bulaya peke yako ni kama kujifungia ndani na nyama, na sauti ilisema kila mara, "Huku Bulaya tuko bien, tuko muzuri, Mungu eko anatusaidia," kisha ukafuata muziki mpaka utepe ukaisha. Watu walirudi makwao wameshiba, ingawa hakuna walichoambiwa.

Mama Bulaya alikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi. Mwanawe wa pekee, Faustin, alikuwa fundi umeme kijana. Kampuni ilimpeleka Ubelgiji kwa mafunzo, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Tangu siku ile mama yake akapata jina jipya na la zamani likapotea. Alikuja amevaa kitenge cha sikukuu, amejipaka mafuta usoni, utadhani mashine ina macho. Aliketi wima, akakohoa kidogo, akaanza, "Bonjour, mon fils," yaani jambo, mwanangu, ambayo ndiyo Kifaransa chote alichokuwa nacho, akaendelea kwa Kiswahili cha kanisani ambacho hakukitumia na mtu mwingine yeyote. Sokoni mtu akimwuliza, "Mutoto wako eko fasi gani?" alijibu, "Ku Bulaya," akainua kidevu, na mazungumzo yakaishia hapo. Wauza samaki walimpa wa juu kabisa. Mumewe alikuwa ameshakufa, bustani yake ya mchicha ilikuwa ndogo, lakini neno lile lilimtembeza mjini vizuri.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na neno lile lilikuwa kila mahali. Sabuni isiyoisha haraka ilikuwa sabuni ya Bulaya. Mtoto anayekula bila kumwaga, mutoto wa Bulaya. Nikinyoosha mshono, Mama Josée aliuinua kwenye mwanga akasema, "Ile njo couture ya Bulaya," na cherehani ilikuwa palepale mbele yetu. Redio ya Japani ilikuwa ya Bulaya. Maziwa ya unga kutoka Afrika Kusini yalikuwa ya Bulaya. Amerika nayo ilikuwa Bulaya, ila ya mbali kidogo. Unaipita moja unaendelea na nyingine. Nilimwuliza mjomba wangu Kapend, ndugu wa mama yangu, aliyekuwa dereva wa treni ya shaba, "Yomba, Bulaya inaanzia fasi gani?" Alikuwa anakunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akaweka kikombe chini. "Mi nafikishaka shaba ku mupaka," akasema. "Pale nageuza kichwa ya treni, narudia. Shaba inaendelea. Basi inaanzia pale naachaka shaba. Lakini toka nianze kazi, hakuna shaba hata moja ilirudiaka kuniambia kule kuko namna gani." Akacheka peke yake, akaomba kikombe kingine. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba neno Ulaya limetoka kwa Waarabu, ni wilaya ileile ya wakuu wa wilaya na mihuri yao, na nilikaa na kitabu magotini nikicheka. Neno lililokuwa na sabuni, maziwa na Amerika ndani yake lilizaliwa ofisini kwa karani.

Siku hizi limehama tena. Maduka ya Kolwezi yamejaa vitu vya Wachina, na nikisikia vijana wakibishana kama Mchina ni muzungu, naona hawana jibu, kwa hiyo wanakubaliana kwamba ni Mchina. Wachimbaji wakipata fedha wanaota Dubai. Lakini mtoto wa jirani yangu akipewa kalamu nzuri bado anasema ni ya Bulaya, na ukimwuliza ni wapi, anaonyesha juu.

Katikati ya mwaka ule, mimi mwenyewe nilichumbiwa na Bulaya. Mama Bulaya alikuja siku isiyo Jumamosi, akaweka mezani foto ya mwanawe: kijana mwenye miwani myeusi, mkono mmoja juu ya motokari nyekundu. Nilimkumbuka kidogo tu, kijana mrefu aliyepanda nguzo za umeme nilipokuwa mdogo. Hakuhitajika kuja. Ndoa za namna hiyo zilikuwepo: siku ya mahari, foto ya bwana harusi inawekwa juu ya kiti, bibi harusi anaketi kando ya kiti, ndugu mmoja anajibu kwa niaba yake, na baadaye msichana anapanda ndege. Mama Josée alipiga vigelegele kabla sijaielewa foto vizuri. Mjomba Kapend akasema familia imepata mlango. Nami nilifurahi, sitadanganya. Jioni nilijitazama kwenye kioo cha kabati, kati ya sahani, nikajaribu kuinua kidevu. Ila swali lilikuja na halikuondoka. Nilikuwa napewa nani? Nilimwuliza mama mdogo, "Faustin eko Bulaya gani?" Aliacha kukata kitambaa. "Bulaya gani namna gani? Bulaya njo Bulaya. We unataka muntu ao unataka kumuhesabia bintu yake?" Nikarudi kushona.

Desturi ilitaka bibi yangu wa Kasaji aambiwe, nami nikapanda treni kwenda kumwambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo uliolowekwa, mikono imekuwa myeupe mpaka kwenye kiwiko. Yeye hakusema Bulaya. Alikuwa Mulunda wa zamani, na kwake nchi ile ni Putu, mahali reli ilipokuwa inakwendea siku za nyuma, upande wa jua linapozama, mpaka baharini. Walimu waliniambia kwamba Putu nalo limetoka kwa Wareno, jina la nchi yao kwenye midomo ya babu zetu. Bibi hakujali limetoka wapi. Alitaka habari. "Kuko muhogo ku Putu?" Nikasema sijui. "Maji banatekaka wapi?" Sijui. "Ukizaa, nani atakushika mugongo? Na batu ba kule bakikufa, banabazikaka wapi?" Sijui, sijui. Alinitazama kwa huruma kidogo, akanisogezea bakuli nimenye naye. "Unaenda fasi hauyue maji yake," akasema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Tulimenya mpaka muhogo ukaisha. Ndani ya treni ya kurudi niliona haya, kwa sababu mwanamke asiyejua kusoma aliuliza kwa dakika chache mambo ambayo mimi nilizunguka nayo wiki nzima bila kuyatoa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kaseti ya uchumba. Saloni ilijaa. Mama Bulaya alisema bonjour yake, Mjomba Kapend akasifu familia zote mbili, Mama Josée akaomba cherehani ya umeme. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na nilikuwa nimefundishwa la kusema: kwamba nina furaha na ninasubiri. Nikabonyeza, nikaisogelea mashine, nikasema, "Faustin, ni mi, Bea. Asubui ukifungua dirisha, unaonaka nini? Unalalaka na nani mu chumba? Unakulaka nini? Kazi yako ni gani? Na batu ba kule, fasi yabo banaiitaka namna gani?" Kila mtu alishtuka, lakini utepe ulikuwa unazunguka, na chochote ambacho wangenitukania kingefika Bulaya pamoja na maswali yangu. Kwa hiyo walinyamaza wote, midomo wazi. Mama Josée alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka, bila sauti. Katekista alitaka kuokoa hali, akaanza kusali palepale, akasali sana, na utepe ukaisha kabla ya amina.

Ndipo tatizo likaonekana. Mama Josée alitaka nifute. Lakini sala ilikuwa imefuata maneno yangu bila nafasi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kidole kikiteleza kingekula jina la Mungu. Mjomba alipendekeza turekodi upya yote. Katekista akasema sala imekwisha kusaliwa, haisaliwi tena kwa sababu ya utovu wa adabu wa msichana. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho kaseti ikaenda ilivyo, na msafiri aliyekuwa anapanda gari la Lubumbashi asubuhi yake. Mama Bulaya aliinuka. Aliondoka bila kuniaga, nami nilijua kama Faustin akichukia, aibu itakuwa yake kwanza, kisha yangu, na mlango wa familia utafungwa na mkono wangu.

Tulisubiri muda mrefu. Mvua zikaisha, vumbi la mgodi likarudi juu ya kila kitu, na Mama Josée alinisemesha mambo ya nyuzi tu. Kaseti ilipofika hatimaye, na bahasha ya mahari, watu walichukulia kwamba amesamehe, na siku ya foto ikapangwa. Nakumbuka chakula kuliko nguo: bukari, ugali wetu, katika mabakuli makubwa, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, kuku, na makayabu, samaki wa chumvi ambao mjomba alileta mwenyewe. Sahani za kabatini zilitoka. Kiti kilifunikwa kitambaa cheupe, foto ikaegemezwa juu yake, nami nikaketi kando, mikono magotini. Kaseti ilikuwa imetunzwa bila kusikilizwa, na iliamuliwa sauti ya bwana harusi ifungue shughuli. Nikainuka mimi bibi harusi, nikabonyeza, nikaketi tena.

Hakusema tuko bien. "Mama, Mama Josée, Yomba Kapend, bote munasikia, ni mi Faustin," sauti ilisema, na ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha mwingine. "Toka nifike huku hakuna muntu wa kwetu alishaka kuniuliza kitu. Uyu Bea aliniuliza. Basi namujibu. Tuko batatu mu chumba, bitanda bibili. Ule anatoka ku kazi njo analala. Kazi yangu, naoshaka masahani mu nyumba ya bazee. Batoto babo banabaachaka mule, banakuya kubaona siku ya Mungu, bengine habakuyake. Ile motokari ya mu foto, simuyue mwenye yake. Nakulaka mikate na mayai. Mu dirisha naona mulima. Haina mulima ya Mungu, ni ya udongo, ile banatoshaka mu mine, sawa yetu ya Musonoi. Mine ilishafungwaka. Majani inamea juu. Batu banapandaka kule na imbwa yabo, banatembea tu, banashuka."

"Na udongo inalala bule?" mjomba aliropoka. Leo vijana wa Kasulo, waliochimba mpaka chini ya vitanda vyao, wangeukwangua mlima ule mpaka shina. Lakini wanawake walikuwa bado kwa wale wazee. Mmoja alinong'ona, "Bazee ba kule habana bandugu?" na wengine wakamkemea ili wasikie.

"Mu kaseti yenu," sauti iliendelea, "nilisikia baruti ya mine, na masahani ya Mama Josée inalia. Ile fasi nairudishaka kila siku mbele ya kulala." Akakohoa, kikohozi kirefu, cha kutoka ndani. "Ni baridi tu. Bea, uliniuliza batu ba huku banaitaka fasi yabo namna gani. Banaita Charleroi. Ukipanda treni kidogo unafika kwa bengine, luga ingine, nabo habapende bale ba nyuma. Hakuna hata moja aliniambia eko anaishi ku Bulaya. Ile Bulaya yetu naitafuta, siyaiona. Kama unataka kuniacha, uniache. Lakini merci juu uliuliza." Kisha utepe ukazunguka bila muziki.

Hakuna aliyegusa chakula. Nilitazama sakafu, kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimempenda mtu. Sikuwa nimempenda yule wa kwenye kiti. Nilimpenda huyu anayeosha sahani za wazee na kulala akisikiliza kabati letu. Mjomba Kapend ndiye aliyeanza, na uso wake ulikuwa umepata nafuu, kama dereva aliyeona taa ya kijani. "Mumesikia?" akasema. "Mwenyewe anasema. Anaitafuta, hayaiona. Hayafika bado!" Neno likazunguka saloni na kila mtu akalishika. Ndiyo, hajafika. Pale alipo ni njiani. Bulaya iko mbele. Katekista akasema tumwombee apate nguvu za kumalizia safari. Mama Josée akanigeukia kwa upole ambao sikuuona kwa miezi. "Hatuwezi kutuma mutoto wetu mu njia. Akifika, tutaanza tena." Na wakaanza kunawa mikono ili wale. Nilishangaa, na mpaka leo nikilikumbuka nashangaa: mtu aliyeishi kule alisema kwa mdomo wake, na neno halikupata hata mkwaruzo. Walimwondoa yeye Bulaya, wakaiacha Bulaya mahali pake. Nami nilikuwa nakatazwa mtu ambaye kwa mara ya kwanza nilimtaka.

"Bea," Mama Bulaya alisema. Hakuwa amesogea tangu kaseti ianze. "Rudisha pale anakohoa." Nikarudisha. Kikohozi kikajaa saloni. "Rudisha tena." Nikarudisha. Alisikiliza kichwa kimeinama, mkono kwenye kifua chake mwenyewe, na mafuta ya usoni yalikuwa yamechanganyika na machozi. "Alikohoaka vile toka mudogo," akasema. "Uyu njo mutoto wangu. Ule wa kaseti zingine nilikuwa namusalimia tu." Mjomba alianza kusema kwamba wakati utafika. Mama Bulaya hakumngojea amalize. Aliinuka, akaichukua foto kutoka kwenye kiti, akaitia ndani ya mkoba wake na kuufunga. "Foto haioake bibi," akasema. "Akuye mwenyewe. Uyu mutoto amuangalie na macho yake, aseme ndiyo ao hapana." Watu walimkumbusha, wengine kwa wema, wengine la: akirudi, atarudi mikono mitupu, mtaa utamcheka, na yeye sokoni atakuwa nani? Alijua hayo kuliko wao. Alinyoosha kidole kwenye mashine, nikaweka kaseti mpya, nikabonyeza. Hakusema bonjour. "Faustin," akasema, kwa sauti ya jikoni kwake, "ile kikohozi unainywea dawa gani? Rudia kwetu. Bea atakungojea, na mi niko." Kisha akaniangalia kuhakikisha kama kweli nitangoja. Nikatikisa kichwa kukubali mbele ya wote, na Mama Josée akaurudisha mkono wake uliokuwa njiani kuja kunifinya.

Alirudi kiangazi kilichofuata. Mtaa ulisema ametoka Bulaya bila kufika, na watoto waliimba hivyo nyuma yake, lakini mama yake waliendelea kumwita Mama Bulaya, naye aliitika bila kuinua kidevu. Jioni ya kwanza saloni ilijaa tena. Wanawake walisogea karibu na sanduku lake, moja tu, na lilipofunguliwa lilikuwa na koti la mvua, vyombo vyake vya umeme na dawa ya macho aliyoombwa na jirani zamani. Alikuwa mwembamba kuliko foto, jicho moja dogo kuliko lingine, jambo ambalo miwani ilikuwa imelificha. Alinawa, akakata bukari, akala kwa muda mrefu, na sisi tukimtazama. Mjomba Kapend alishindwa kuvumilia. "Basi, Faustin. Bulaya iko namna gani?" Faustin akameza, akanionyesha kwa kidevu. "Yomba, muulize uyu. Njo yeye peke yake alitaka kuyua."

Wote wakanigeukia. Mama Bulaya alikuwa ameketi karibu na mlango, bila mafuta usoni, kitenge cha kila siku. "Bea," akasema, "umemuona?"

"Ndiyo."

"Ndiyo umemuona, ao ndiyo?"

"Byote bibili," nikajibu, nikanawa mikono, nikaketi chini na kula naye sahani moja.